Kufunga Taya Ukiwa Hai

Siku niliyolala juu ya tumbo la bibi harusi ndiyo siku niliyokubali kwamba naumwa. Nilikuwa nimepiga magoti dukani kwangu, pale Adams Arcade, Nairobi, futi ya kupimia nimeizungusha kiunoni mwake, nikingoja atoe pumzi niandike kipimo. Kilichofuata ni kicheko cha watu. Paji langu la uso lilikuwa limeegemea kitovu cha mteja, na mama yake alikuwa ananigusa bega polepole kama anayemwamsha mtoto wa shule. Kipimo sikukiandika. Gauni lile nililifumua mara mbili.

Kabla ya hapo nilikuwa na visingizio vya kila aina. Nikisinzia kanisani nilisema nusu ya kanisa husinzia wakati wa matangazo, na si uongo. Nikisinzia kwenye cherehani nilisema ni joto. Kisha siku moja nilisinzia mguu ukiwa bado juu ya pedali, sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada na kutokea upande wa pili, na hapo kisingizio kikawa kigumu kidogo kukipata.

Binti yangu ndiye aliyenisukuma. Tunaishi wawili kule Mutuini, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vya kulala, na yeye anafanya kazi katika ofisi moja ya Hurlingham. Alinirekodi kwa simu nikiwa nimelala, akaja kunichezea asubuhi nikinywa chai.

"Mathe, skiza tu," akasema. "Hii si mtu. Hii ni tingatinga inapanda mlima."

Nikasikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, na kwa kweli nilianza kucheka, maana sikujua mwanamke wa kanisa anaweza kutoa sauti kama ile. Kisha sauti ikakatika. Kimya. Nikadhani simu imeisha chaji. Kimya kikaendelea hadi nikaweka kikombe chini, halafu pumzi ikarudi kwa kishindo, kama ya mtu aliyetolewa majini.

"Hapo ndio huniogopesha," binti yangu akasema. "Kelele nimezoea. Ni hapo."

Wiki hiyo hiyo akanipeleka kwenye kliniki iliyo karibu na ofisi yao. Muuguzi wa pale ni mama wa makamo, mpole, mwenye uvumilivu wa mtu aliyezoea wabishi. Alinieleza kwamba nikilala koo langu linalegea na kujiziba, pumzi inakatika, mwili unashtuka ili nivute tena, na mambo yanaendelea hivyo hadi asubuhi bila mimi kujua. Ndiyo maana mchana nilikuwa kama sijalala kabisa. Akaniambia pia kwamba moyo wangu ulikuwa unafanya kazi ya punda, na kwamba punda naye huanguka.

Dawa yake ilikuwa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya jikoni, yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. Inasukuma hewa ili koo libaki wazi. Kliniki ingeniazima mwezi mmoja. Tumboni mwa mashine kuna kadi ndogo inayoandika kila kitu: saa ulizolala nayo, na kama hewa inafika inakokwenda au inavuja njiani.

"Mwezi ukiisha unarudi na kadi," muuguzi akasema. "Ikionyesha inakusaidia, mashine inabaki kwako. Ikionyesha hewa inavuja tu, tunampa anayefuata. Foleni ni ndefu, mama."

Kununua yangu mwenyewe lilikuwa jambo la kuota, na mimi hata kuota nilikuwa siwezi, nakatizwa. Kwa hivyo mambo yalikuwa mepesi kuyaelewa: mwezi mmoja wa kuifanya mashine ikubaliane nami, la sivyo nirudi kwenye usingizi wa kukabwa koo.

Tatizo lilikuwa mdomo wangu. Huu mdomo umefanya kazi nyingi maishani. Umeuza, umebishana na wenye vitambaa, umelea mtoto bila baba, na ulipofika wakati wa kuufunga ukakataa kata kata. Nikisinzia tu, taya inaanguka. Hewa inaingia puani, inazunguka, inatokea mdomoni ikipiga mluzi kama gurudumu lililotoboka. Naamka ulimi umekauka kama kipande cha jinzi. Na asubuhi mashine inanionyesha kwenye kioo chake uso mdogo, ama unaotabasamu ama ulionuna. Wangu ulikuwa umenuna. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Sijawahi kununiwa namna ile na kitu nilichokikaribisha nyumbani kwangu.

Nikampigia muuguzi. Akaniuliza kama pua zangu ziko wazi. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo, navuta vumbi la vitambaa tangu asubuhi hadi jioni, pua zangu zina uzi wa kutosha kushona kitambaa cha meza. Akaniambia nizisafishe kwa maji ya chumvi kabla ya kulala, maji ya kuchemshwa na kupozwa, maana pua ikiziba mdomo hauna la kufanya ila kufunguka. Nijaze maji kwenye kile kisanduku cha mashine ili hewa iwe na unyevu. Nilale kwa ubavu. Nijizoeze mchana pia, nikipumzika, hadi mwili ukubali. "Na usijibandike gundi mdomoni," akaongeza. "Ukitaka kutapika utafanyaje?"

Sikumwambia kwamba jana yake nilikuwa nimejibandika selotepu, na kwamba ilipobanduka iliondoka na masharubu ambayo sikujua ninayo.

Maji ya chumvi yalisaidia. Unyevu ulisaidia. Taya haikusaidiwa na lolote. Nikarudi kliniki, muuguzi akanionyesha mkanda wa kidevu, unaopita chini ya taya na kupanda hadi juu ya kichwa, wa kuushikilia mdomo usifunguke. Nikaugeuza ndani nje. Lastiki hafifu, mshono umeruka sehemu mbili, pindo limeachwa likining'inia. Nikamrudishia.

"Mimi ni fundi," nikamwambia. "Siwezi kulala na mshono kama huu usoni."

Kiburi hicho ndicho kilichonitia matatani. Jumamosi nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani na mabaki ya kanzu za kwaya, pamba nyeupe nzuri, laini. Nikakata utepe mpana. Lastiki nilikuwa nimeisahau dukani, lakini nikaona niujaribu tu hivyo hivyo kwanza nijue urefu. Nikaupitisha chini ya kidevu, nikaupandisha kwa mashavu, nikapiga fundo utosini. Nikavaa barakoa, nikawasha mashine, nikavuta pazia na kulala chali ili fundo lisiniumize. Taya ikajaribu kuanguka, ikazuiliwa. Nilisinzia nikijisifu.

Mtu yeyote wa kwetu angeniona pale angejua nimefanya nini. Mimi mwenyewe ningejua kama ningejitazama kwenye kioo. Kwetu magharibi mtu akikata roho, kabla mwili haujakauka, hufungwa taya kwa kitambaa cheupe kinachopita chini ya kidevu, fundo juu ya utosi, ili asizikwe mdomo ukiwa wazi. Nimeiona kazi hiyo tangu utotoni, na haikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nawaza vipimo.

Na mama yangu alikuwa njiani. Alikuwa amesema atakuja Jumatatu kwa basi, lakini jirani yake alikuwa anakuja Nairobi na gari, akampa nafasi, na mama hapendi kupoteza nafasi. Kuhusu mashine nilikuwa sijamwambia. Ana miaka zaidi ya sabini, sikutaka kumtia hofu. Binti yangu alikuwa ametoka kwenda kununua gesi, mlango ameurudisha tu. Mama akaingia na kuku wake kwapani, akapiga hodi, akasikia kimya.

Lazima nieleze kuhusu kimya hicho. Mama anajua nikilala mchana, nyumba nzima hujua kwa mkoromo. Sasa akafungua mlango wa chumba, akaona giza la pazia, akaniona nimelala chali, sikoromi, mpira umechomekwa puani na taya imefungwa kwa kitambaa cheupe.

Sikumsikia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sijui mingapi nilikuwa nimelala usingizi wa pono.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mdomo wangu una mate. Nilifurahi sana. Cha pili, kulikuwa na kilio huko nje, na sauti za wanawake wengi, na kitu kizito kinaburutwa. Nikawaza, maskini, nani ametutoka hapa kwenye ploti? Nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba, ambaye shamba lake la mboga linapakana na ukuta wetu.

"Alikuwa mtu mzuri," alikuwa anasema. "Hata juzi alinishonea sketi, ikanikaa sawa sawa."

Sketi hiyo aliirudisha mara mbili akilalamika. Nikaona nitoke nikamliwaze aliyefiwa. Nikachomoa mpira, barakoa ikabaki puani na kitambaa kichwani, nikapita sebuleni, nikashangaa kidogo kwamba kochi langu halipo, nikatokea mlangoni. Kochi lilikuwa nje, limewekwa kivulini kwa ajili ya waombolezaji, na wanawake watatu walikuwa wamelikalia.

"Jamani," nikasema, "nani amekufa?"

"Haiya!" Mama mwenye nyumba, na gambuti zake za shambani na fungu la sukuma wiki mkononi, aliruka tuta la kabichi ambalo siku nyingine hulizunguka. Jirani mmoja alijifungia chooni na alikataa kutoka hata alipoelezwa. Wale wa kwenye kochi sikuona walikoelekea. Kuku wa mama ndiye aliyebaki, na mama mwenyewe.

Mama yangu hajawahi kukimbia kitu. Alikuja moja kwa moja, akanitazama, akanipiga kofi la bega kwa nguvu zake zote, kisha akainua mikono kufungua fundo. Akashindwa. Nilikuwa nimelifunga kwa ufundi, na vidole vyake vilikuwa vinalikaza badala ya kulilegeza. Mimi nilikuwa nimeanza kucheka, na nilipoiona mikono ile nikaacha. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Nani amekufunga?" akauliza.

"Nimejifunga mwenyewe, mama."

"Umejifunga mwenyewe." Akalirudia neno hilo kama anayelionja. "Baba yako nilimfunga mimi. Kwa hii mikono. Wewe ulikuwa huku Nairobi."

Baba alifia kitandani, alfajiri, miaka tisa iliyopita. Moyo, walituambia. Nilifika siku ya pili, akiwa tayari ameoshwa na kuvalishwa suti. Nani alimfunga kitambaa sikuwahi kuuliza.

Tulirudisha kochi ndani. Binti yangu alifika na mtungi wa gesi akakuta bibi yake analia na mimi nalia na kuku yuko juu ya meza, na ilibidi aelezwe yote tangu mwanzo. Kisha mama akatoa amri yake.

"Hicho kitambaa kisionekane tena. Mimi nikiwa hapa, mtu hafungwi taya akiwa hai."

"Mama, ni matibabu."

"Nitarudi nyumbani kesho."

Mtu aliyekulia kwetu anajua huo ndio mwisho wa mazungumzo. Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki kabla ya kadi kusomwa. Nikarudi kulala na mashine bila kitambaa, mama kando yangu kitandani, maana kitanda cha binti yangu ni chembamba. Hewa ikarudi kupiga mluzi. Asubuhi uso umenuna. Kesho yake umenuna. Mchana nikawa nasinzia juu ya sare za shule, nimeweka sindano mbali nami kama mtu anayeficha kisu. Nilimkasirikia mama, niseme ukweli. Nilikuwa naogopa kufa, na yeye ananizuia kupona kwa sababu ya rangi ya kitambaa.

Mama hajui Kiingereza cha kwenye kioo cha mashine, lakini sura iliyonuna anaijua. Asubuhi ya tatu aliniuliza ile ina maana gani. Nikamweleza, kwa hasira kidogo, kwamba pumzi yangu hukatika usingizini, kwamba mashine huishikilia njia isizibe, kwamba mdomo ukiwa wazi hewa yote inapotea, na kwamba zikiisha siku tisa mashine inaondoka. Aliuliza swali moja tu.

"Inakatika? Pumzi?"

"Inakatika kabisa, mama. Halafu inarudi."

Mama akaenda kumwagilia sukuma ya mama mwenye nyumba, kazi ambayo hakuombwa.

Siku iliyofuata alitokea dukani kwangu Adams Arcade, ameletwa na binti yangu, amevaa nguo za kanisani. Alikaa kwenye kiti cha wateja akanitazama nikifanya kazi. Kisha akainuka, akaanza kufukua kikapu changu cha mabaki. Vyeupe akavitupa kando. Vyeusi pia. Alichoibuka nacho ni kitenge cha harusi fulani, zambarau na manjano yenye vichwa vya ndege kanga, kitambaa ambacho hata mwenye harusi alikijutia.

"Hiki," akasema. "Hakuna maiti anayevaa hiki. Na fundo lisiwe juu."

"Liwe wapi?"

"Wewe ndiye fundi."

Nikakishona huku ananisimamia. Ndani nikaweka pamba, pembeni lastiki ya sidiria ambayo ndiyo imara kuliko zote, na badala ya fundo nikaweka velkro, ule utepe wa kunata, kisogoni, ili mtu akitaka kukivua akivue kwa mkono mmoja. Kidevu nikakikatia mahali pake kama ninavyokata kwapa la blauzi. Mama akakivuta, akakinusa, akakijaribu kwenye kidevu chake mwenyewe mbele ya kioo cha wateja. Mteja aliyeingia wakati huo aliuliza kama ndiyo fasheni mpya. Mama akamjibu ndiyo.

Asubuhi yake uso kwenye kioo ulitabasamu. Mama ndiye aliyeuona kwanza, aliniamsha kunionyesha. Ukatabasamu tena, na tena. Nikaanza kufika dukani nikiwa macho. Nilishona sare ishirini bila kujichoma. Mteja mmoja akaniambia nimependeza, nikamwambia ni usingizi.

Siku ya kadi, mama alisema anakwenda na mimi. Nilimwambia ni dakika chache tu, akavaa viatu. Muuguzi alituketisha wote wawili, akachomeka kadi kwenye kompyuta yake, mistari ikajaa. Nilikuwa nimeushika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Mwanzo ni mbaya," akasema. "Hapa kuna alasiri moja nzuri sana, sijui ulifanya nini. Halafu mbaya tena. Halafu kuanzia hapa, safi." Akasogea karibu na kioo. "Lakini kuna kitu. Hizi alama ndogo ndogo. Kila usiku, mara nyingi, barakoa inasogea, hewa inatoka kidogo, halafu inatulia. Huwa unaamka?"

"Siamki," nikasema. "Nalala fofofo."

"Basi kuna kitu kinakugusa."

Nikaona mashine inaondoka. Nikaanza kusema kwamba nitabadilisha mkanda, nitaubana zaidi, nipewe wiki moja tu.

"Ni mimi," mama akasema.

Tukamgeukia.

"Nampiga kiwiko. Hapa kwenye mbavu. Baba yake alikuwa hivi hivi, anakoroma halafu ananyamaza. Akinyamaza nampiga kiwiko, anavuta. Tangu tuoane. Ile asubuhi niliamka kukamua ng'ombe, nikasikia amenyamaza. Nikasema leo amelala vizuri, wacha apumzike." Alikuwa anaongea na muuguzi, si na mimi. "Sasa huyu naye siku hizi ananyamaza usiku kucha. Nampiga, hakoromi, hasemi kitu. Nampiga tena."

Hakuna aliyewahi kusikia hayo nyumbani kwetu. Miaka tisa. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa, mkoba ulikuwa umenikamata.

Muuguzi akaiacha kompyuta, akavuta kiti chake hadi magoti yake yakakaribia ya mama.

"Mama, siku hizi akinyamaza ni kwa sababu anapumua," akasema. "Mashine inapuliza usiku kucha, njia haizibi. Hakuna cha kumwamsha."

"Hata mimi nisipomgusa?"

"Hata usipomgusa."

Mama akalifikiria hilo.

"Kwa hivyo mimi naweza kulala?"

"Unaweza kulala, mama."

Mashine ilibaki kwangu. Nilitia sahihi mahali nilipoonyeshwa, vibaya, na muuguzi hakunitaka nirudie. Jioni hiyo mama alipanda kitandani kabla yangu na kugeukia ukutani. Nilijaza maji, nikavaa kitenge changu, nikabonyeza kitufe, nikamwuliza kama mwanga unamsumbua. Alikuwa ameshalala.